Kalsiamu Kupanda Damuni na Kichomi cha Wenye Kinga Dhaifu: Maswali Tunayoulizwa Kigoma

Maswali haya yametoka vinywani mwa watu: waliopandikizwa figo, wanaoishi na VVU, wanaomeza prednisoloni (dawa ya steroidi inayoshusha kinga) kwa miezi, na zaidi ya wote ndugu zao wanaowasindikiza kliniki. Mimi ni tabibu. Nimeyajibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa mengine yanaishia kwenye ndiyo au hapana, na mengine yanabeba uhai wa mtu.

Kalsiamu si ndiyo ya mifupa? Inakuwaje tuambiwe imezidi na ni hatari?

Ni ya mifupa, kweli, na karibu yote iliyomo mwilini iko humo. Ile kidogo inayotembea na damu ndiyo inayoendesha mapigo ya moyo, misuli na mishipa ya fahamu, na mwili huilinda kwa wivu mkubwa. Kwa mtu mzima maabara nyingi huhesabu kati ya 2.1 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita kuwa sawa. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa desilita, na hapo ni takriban 8.5 hadi 10.5. Ikipita 3.5 (au 14 kwa kipimo cha pili) hiyo ni dharura, mtu hasubiri kesho.

Dalili zake ni zipi?

Kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara nyingi, hata usiku. Choo kigumu au kukosa choo siku kadhaa. Kichefuchefu, chakula hakipandi, mwili mlegevu, maumivu ya mifupa. Ikizidi, mtu anakuwa mzito wa akili, anasahau, anaweweseka, na moyo unaweza kupiga ovyo.

Nikitaja kiu na mkojo mwingi, nusu ya wasikilizaji husema: hiyo ni sukari. Ndivyo tulivyosema hata sisi nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na figo ya kupandikizwa, mwaka wa pili, akawa anakunywa maji jagi zima na kuamka mara nne usiku. Sukari ikapimwa, iko sawa. Ikapimwa tena kwingine, iko sawa. Wiki tatu zikapita. Alikuwa na kikohozi kidogo kikavu ambacho hakuna aliyekiuliza, naye hakukitaja kwa sababu aliona ni vumbi la kiangazi tu. Kalsiamu yake ilipokuja kupimwa ilikuwa imevuka 3, na oksijeni ilikuwa inashuka kila akipanda ngazi. Alipona. Ila zile wiki tatu bado zinaniuma, maana na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakimwambia apunguze chai ya sukari.

Kichomi kinaingiaje hapo? Mapafu na kalsiamu vinahusianaje?

Naomba usome jibu hili polepole, ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Vitamini D tunayoipata kwa jua na chakula huwa imelala. Ini huibadili mara ya kwanza, kisha figo huibadili mara ya pili na kuiamsha kabisa. Ikishaamka, huliamuru tumbo livute kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Figo haifanyi kazi hiyo kiholela. Inasikiliza tezi nne ndogo zilizo shingoni, ambazo hupima kalsiamu ya damu saa zote na kutoa homoni iitwayo paratiroidi. Kalsiamu ikitosha, tezi hunyamaza, na figo hupunguza kuamsha vitamini.

Sasa, ndani ya mapafu kuna chembe walinzi wa damu, makrofaji, ambao kazi yao ni kumeza vijidudu. Wakipambana na maambukizi fulani, nao huwasha kimeng'enya kilekile cha figo na kuanza kuamsha vitamini D pale pale mapafuni, wakiitumia kama silaha ya vita. Tofauti ni kwamba makrofaji hawasikilizi tezi za shingoni. Kalsiamu ipande itakavyopanda, wao wanaendelea tu mpaka adui aondoke. Vitamini iliyoamshwa inamwagika kwenye damu, tumbo linavuta kalsiamu, mifupa nayo inaachia yake.

Kwa hiyo kalsiamu inaweza kupanda kwa sababu ya kitu kilichomo mapafuni, na kwa baadhi ya wagonjwa inapanda kabla kifua hakijaonyesha dalili kubwa. Kwa mwenye kinga dhaifu namba hiyo ya maabara ni habari kutoka kifuani. Ukiishusha kwa dripu, ukafurahi na kumrudisha mgonjwa nyumbani bila kuangalia mapafu, kilichoipandisha umekiacha ndani.

Ni vijidudu gani hufanya hivyo?

Wa kwanza ninaowazungumzia ni fangasi aitwaye Pneumocystis jirovecii, aliyepewa jina la mtaalamu wa vimelea wa Kicheki, Otto Jírovec. Wengi wetu tulikutana naye utotoni, kinga ikammaliza bila sisi kujua. Kinga ikidhoofika, anajaza vifuko vya hewa. Juni 1981 ripoti ya vijana watano wa Los Angeles waliougua kichomi hiki ndiyo iliyoufungulia ulimwengu habari za UKIMWI.

Wa pili ni kifua kikuu, na huku kwetu ndicho cha kufikiriwa siku zote. Fangasi wengine, kama kriptokokasi na histoplasma, nao wanaweza. Taarifa nyingi za kalsiamu kupanda kwa sababu ya Pneumocystis zinawahusu waliopandikizwa figo. Kwa wanaoishi na VVU jambo hili ni nadra zaidi, ingawa hutokea, na wakati mwingine hujitokeza wiki chache baada ya kuanza ARV, pale kinga inapoamka ghafla na kuanza kupigana na ugonjwa uliokuwa umejificha.

Nani hasa ajihadhari?

Aliyepandikizwa figo au kiungo kingine na anameza dawa za kuzuia mwili usikikatae, kama takrolimasi, saiklosporini au maikofenoleti. Anayeishi na VVU ambaye CD4 yake, yaani hesabu ya chembe za kinga, iko chini, hasa chini ya 200. Anayepata tiba ya saratani. Anayemeza prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa mwezi mzima au kupita, hasa akiwa na dawa nyingine ya kupunguza kinga.

Hili la mwisho nalisisitiza, maana kuna watu mitaani wanaonunua prednisoloni dukani kwa ajili ya viungo, pumu au kunenepa, na wanaimeza miezi bila karatasi ya daktari. Huyo naye kinga yake imeshuka, na hakuna kliniki inayomjua.

Kichomi hiki kinafanana na kile cha kawaida?

Hapana, na ndiyo maana kinawapita watu. Kichomi cha kawaida huja kwa kishindo: homa kali, kuchomwa ubavuni, makohozi ya rangi. Hiki hunyemelea. Kikohozi ni kikavu, homa ni ya kuja na kuondoka, na kinachobadilika taratibu ni pumzi. Mtu aliyekuwa anapanda kutoka mwaloni hadi Mwanga bila kusimama, sasa anasimama mara mbili. Ukimpima amekaa, anaonekana mzima. Picha ya kifua mwanzoni inaweza kutoka safi kabisa.

Kipimo ninachokipenda hakina gharama kubwa: kile kibanio cha oksijeni cha kidoleni. Mpime amekaa, kisha atembee dakika chache mkiwa naye, mpime tena. Akitoka asilimia 96 akashuka hadi 88, mapafu yana tatizo hata kama picha haisemi kitu. Akianza kuhema au kizunguzungu kabla ya dakika hizo kwisha, mketishe, usimlazimishe.

Tumeambiwa kalsiamu ni 2.55, kwa hiyo iko sawa. Ni kweli?

Inategemea albumini, protini iliyomo kwenye damu. Sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri imeshikamana na protini hiyo, na mgonjwa wa muda mrefu mara nyingi albumini yake imeshuka. Kwa kila gramu moja kwa lita iliyopungua chini ya 40, ongeza 0.02 kwenye kalsiamu. Kwa mfano, kalsiamu ni 2.55 na albumini ni 25. Zimepungua gramu 15, ukizidisha kwa 0.02 unapata 0.3, na kalsiamu halisi inakuwa 2.85. Imezidi! Karatasi inasema sawa, mgonjwa hayuko sawa. Maabara yenye uwezo wa kupima kalsiamu huru moja kwa moja inaondoa hesabu hii yote.

Kinyume chake pia hutokea: mkono ukifungwa mpira muda mrefu wakati wa kutoa damu, au mtu akiwa amepungukiwa maji, namba hupanda kidogo bila ugonjwa. Rudieni kipimo kabla ya kuogopa, lakini msirudie baada ya mwezi.

Na mjue kwamba mtu akiandikiwa vipimo vya figo, mara nyingi hupimwa kreatinini na yurea (taka ambazo figo huchuja) bila kalsiamu. Hakuna ubaya kuuliza: "Daktari, na kalsiamu imo?"

Madaktari wanajuaje kama chanzo ni mapafu na si kitu kingine?

Kwa kupima homoni ya paratiroidi. Ikiwa juu wakati kalsiamu nayo iko juu, tezi zenyewe ndizo zenye kosa, na kwa aliyepandikizwa figo hilo ndilo la kawaida zaidi, kwani miaka ya kusafishwa damu kwa mashine kabla ya kupandikizwa huzifanya tezi zivimbe na kuzoea kufanya kazi kupita kiasi. Ikiwa chini sana, tezi zimenyamaza kama inavyopaswa, basi kuna mwingine anayesukuma kalsiamu: maambukizi ya mapafu, kifua kikuu, saratani, au vidonge vya vitamini D vilivyozidi. Vitamini D iliyoamshwa, kalsitrioli, ikipimwa na kukutwa juu, kidole kinaelekea kwenye makrofaji.

Kipimo cha homoni hii hakifanyiki kila mahali. Sampuli au mgonjwa mwenyewe anaweza kulazimika kwenda hospitali kubwa zaidi, kama Bugando kule Mwanza au Benjamin Mkapa kule Dodoma. Mapafu hayangoji majibu hayo. Kutafuta maambukizi kuanze siku ileile.

Makohozi yamepimwa kifua kikuu na hakikuonekana. Si basi?

Si basi. Kipimo cha kifua kikuu hakimtafuti fangasi huyu. Isitoshe, makohozi ya kawaida mara nyingi hayamtoi, kwa sababu kikohozi chenyewe ni kikavu. Hupatikana vizuri zaidi kwa kumvutisha mgonjwa mvuke wa maji ya chumvi ili akohoe kutoka chini, au kwa kuosha mapafu kwa kifaa maalumu. Pasipo na vifaa hivyo, daktari anaweza kuanza tiba kwa kushuku tu, na akifanya hivyo yuko sahihi. Dawa hazifuti ushahidi mara moja. Fangasi huweza kuonekana kwenye sampuli hata siku kadhaa baada ya tiba kuanza.

Kreatinini imepanda pia. Figo mpya inakataliwa?

Swali hili hunitia hofu kuliko yote. Kalsiamu nyingi hubana mishipa ya figo na kuinyima uwezo wa kubana mkojo, mtu anakojoa mno, anakaukiwa, na kreatinini inapanda. Kwa mtazamaji wa haraka hilo linafanana na figo kukataliwa. Hatari iko hapa: tiba ya kukataliwa ni kushusha kinga zaidi, kwa dozi kubwa za steroidi. Ukimpa mtu mwenye fangasi mapafuni ambaye hajaanza kutibiwa, umempa adui njia nyeupe. Ndiyo maana nasema aliyepandikizwa figo, kreatinini ikipanda, apimwe kalsiamu na aulizwe habari za pumzi kabla ya uamuzi huo.

Tiba yake ni nini?

Mwenye kuitibu kalsiamu hii ni anayetibu kichomi. Dawa kuu ni ileile septrini, ko-trimoksazoli, ila kwa dozi kubwa sana inayohesabiwa kwa uzito wa mgonjwa na hali ya figo, kwa siku 21. Tafadhali usijihesabie nyumbani kutoka kwenye kopo. Oksijeni ikiwa imeshuka sana, prednisoloni huongezwa kwa muda ili mapafu yasivimbe.

Wakati huohuo kalsiamu hupewa msaada wa kushuka: dripu za maji ya chumvi, huku mkojo na mapafu vikiangaliwa ili maji yasizidi. Steroidi nazo huzima kile kimeng'enya cha makrofaji, na ni nzuri mradi maambukizi yanatibiwa. Steroidi peke yake inaweza kuwapumbaza wote: kalsiamu ikashuka, fangasi akastawi. Zipo pia sindano za kuzuia mifupa isiachie kalsiamu, lakini kwa mwenye figo dhaifu zinahitaji uangalifu, na ugonjwa ukiisha ghafla kalsiamu inaweza kushuka kupita kiasi.

Fangasi akidhibitiwa, kalsiamu hurudi yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku hadi wiki chache. Isiporudi, tafuteni tena: pengine kuna kifua kikuu nacho.

Septrini ya dozi kubwa hupandisha potasiamu na kreatinini, hasa ikikutana na takrolimasi. Damu ipimwe mara kwa mara. Mwenye mzio wa salfa aseme mapema, zipo dawa mbadala.

Ikiwa ni kifua kikuu, je, dawa zake zinagongana na za figo au ARV?

Ndiyo, kwa nguvu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huvunja takrolimasi na saiklosporini haraka mno, kiasi kwamba figo inaweza kukataliwa kweli. Kliniki ya upandikizaji lazima ijue kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa anayetumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, dozi huongezwa kuwa mara mbili kwa siku wakati wa rifampisini.

Je, ni dagaa? Sisi huku tunakula dagaa kila siku.

Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika huliwa mzima na miiba yake, kwa hiyo kweli ana kalsiamu nyingi. Kwa mtu mwenye afya si tatizo, mwili unachukua unachohitaji na kingine unakipitisha. Dagaa hajawahi kuwa chanzo cha ugonjwa huu. Ila wakati kalsiamu iko juu, tumbo linavuta bila breki, hivyo kwa wiki hizo punguza dagaa na maziwa, kula migebuka uliyoitoa miiba, maharage na mboga. Vipimo vikitulia, rudi kwenye dagaa wako kwa amani.

Na mawese?

Hayahusiki. Rangi yake nyekundu ni chanzo cha vitamini A ambacho mwili hubadili kwa kiasi unachohitaji tu. Vidonge vya vitamini A vikizidi vinaweza kupandisha kalsiamu, mawese ya kupikia hapana.

Jua je?

Jua peke yake halimpandishii mtu mzima wa afya kalsiamu. Kwa mgonjwa ambaye makrofaji wanaamsha vitamini ovyo, kuota jua kwa makusudi ni kuwapa malighafi. Akae kivulini mpaka apone.

Dawa gani nyumbani ziangaliwe?

Leteni mfuko mzima wa dawa, na vya dukani na vya mizizi. Naangalia kwanza mabaki ya wakati wa kusafisha damu: kalsiamu kaboneti na vidonge vya kalsitrioli au alfakalsidoli. Watu wengi hupandikizwa figo na kuendelea kumeza vitu hivi kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache. Nyingine ni vidonge vya kiungulia vyenye kalsiamu, vitamini za mifupa wanazotumiwa na watoto walio mjini, na dawa za presha za kukojoza za kundi la thiazidi, kama bendrofluazidi na hidroklorothiazidi, ambazo huizuia figo isitoe kalsiamu. Usiache dawa ya presha kienyeji. Omba ibadilishwe.

Nilipewa septrini ya kinga, nikaacha kwa kuwa nilijisikia vizuri. Ni kosa?

Nielewe vizuri, sikugombezi. Kidonge cha miligramu 960 kwa siku ndicho kinachomfungia fangasi huyu mlango, na kinafaa kabisa. Waliopandikizwa figo kwa kawaida hukimeza miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, na hurudishiwa kila wanapotibiwa kukataliwa kwa figo. Wanaoishi na VVU hupewa hasa CD4 ikiwa chini ya 350 au ugonjwa ukiwa umesonga mbele. Kuna wakati wa kuacha, na anayeupanga ni kliniki. Umeacha? Rudi useme. Hakuna atakayekufukuza.

Ugonjwa huu unaambukiza nyumbani?

Fangasi husafiri kwa hewa kutoka mtu hadi mtu, lakini mwenye kinga nzima hadhuriki. Waliorekodiwa kuambukizana mara nyingi ni wagonjwa wanaohudhuria kliniki ileile ya upandikizaji na kukaa pamoja kwenye foleni. Kwa hiyo anayekohoa avae barakoa, na asiketi karibu na wenzake wenye kinga dhaifu. Sahani na vikombe havina neno. Kifua kikuu kina masharti yake, usiyachanganye na haya.

Lini tusingoje asubuhi?

Midomo au kucha zikiwa za buluu, oksijeni chini ya 92 amekaa, hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, amechanganyikiwa au analala mno, anatapika hata maji, au mapigo yanaruka. Nenda Maweni au hospitali yoyote iliyo karibu. Walioko Kakonko, Kibondo au Uvinza ndani wasianze na safari ya Kigoma mjini: waanze na kituo chenye oksijeni, kisha rufaa ifuate.

Mgonjwa anasafiri kwa treni kwenda kliniki Dodoma. Abebe nini?

Dawa zote kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalowekwa mbali naye, na za siku tano zaidi ya safari, maana treni inaweza kuchelewa. Maji ya kutosha. Mwenye kalsiamu ya juu akikaukiwa njiani, namba itapanda kabla hajafika Tabora. Barakoa mbili tatu. Kwenye daftari moja, si karatasi zilizotawanyika, aandike: tarehe ya kupandikizwa, dawa na dozi, kalsiamu na albumini na kreatinini za mara tatu za mwisho, oksijeni akiwa amekaa na baada ya kutembea, na siku kikohozi kilipoanza, hata kama alikuwa anadhani ni vumbi.